Kopo Lenye Kifuniko: Vyoo vya Ndani na Maji ya Ziwa Mkoani Mara

Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Muda ule uliisha kabla ya lengo kufikiwa, lakini kazi haikukoma, na mkoa wetu wa Mara ni miongoni mwa mikoa inayoona matunda yake sasa. Musoma inakunywa maji ya Ziwa Victoria yanayosafishwa Bukanga. Bunda inayapata kutoka Nyabehu. Mradi wa Mugango, Kiabakari hadi Butiama umesanifiwa kuzalisha lita milioni 35 kwa siku. Tumezungumza miaka zaidi ya 50 juu ya namna ya kuyafikisha maji nyumbani, na tulikuwa na haki ya kuzungumza hivyo, kwa sababu mama aliyebeba ndoo kichwani hakuwa na nafasi ya kuulizwa maji yanaishia wapi. Sasa swali hilo limefika. Wahandisi hukadiria kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa maji taka. Kwa kipimo hicho, siku mradi wa Mugango utakapofanya kazi kwa uwezo wake wote, lita milioni 28 zitatafuta pa kwenda kila siku. Nyingi kati ya hizo zitapita bafuni na chooni, kwa sababu bomba likishaingia ndani ya nyumba, choo nacho hutoka nyuma ya migomba kikaingia ndani, kikapewa sinki la kauri na kitufe cha kuflashi.

Hoja yangu ni moja. Vyoo vyetu vinaziba na makaro yetu yanafurika hasa kwa sababu chooni hakuna mahali pengine pa kuweka kitu kisichotakiwa kuingia kwenye bomba. Tumezoea kumlaumu mtumiaji, na mara nyingi anayelaumiwa ni mwanamke, mtoto au mpangaji. Nasema lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake. Kopo la taka lenye kifuniko ndani ya choo, na mpango wa uhakika wa kulimwaga, vitaokoa mabomba mengi kuliko matangazo yote ya ukutani. Na kwetu Mara jambo hili lina uzito kuliko mahali pengine, kwa kuwa maji yanayotoka chooni na maji tunayokunywa yanakutana katika ziwa moja.

Tufuate kwanza safari ya kile kinachoflashiwa. Chini ya sinki la choo kuna mkunjo unaobaki na maji wakati wote. Maji hayo huzuia harufu isirudi ndani, na mkunjo huo ndio sehemu nyembamba kuliko zote katika njia nzima. Uchafu ukishaupita huingia kwenye bomba la plastiki la inchi 4, ambalo fundi mzuri hulilaza kwa mteremko wa sentimita 2.5 hivi kwa kila mita. Mteremko ukiwa mdogo mno, uchafu hulala njiani. Ukizidi mno, maji hukimbia na kuacha uchafu nyuma. Bomba hupita kwenye chemba moja au mbili, kisha hufika kwenye karo. Nyumba nyingi za mkoa huu hazina mtandao wa bomba kuu la maji taka barabarani, kwa hiyo safari ya uchafu huishia ndani ya uzio wa mwenye nyumba. Ndani ya karo vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta na mapovu huelea juu, na katikati hubaki maji yanayotoka kwenda shimo la pili, ambalo kazi yake ni kuyapenyeza ardhini. Vijidudu visivyohitaji hewa hula tope polepole na kulipunguza. Mfumo huu wote, kuanzia sinki hadi shimo la pili, ulibuniwa kwa ajili ya kinyesi, mkojo, maji, na labda karatasi laini ya chooni. Hauna sehemu ya kuchambua kitu kingine chochote.

Karatasi laini ya chooni hutengenezwa kwa nyuzi fupi ili isambaratike ikilowa. Mtu yeyote anaweza kulithibitisha hilo kwa chupa mbili za maji. Katika moja atumbukize kipande cha karatasi hiyo, katika nyingine kipande cha kitambaa kilicholowanishwa cha kufutia watoto, kisha azitikise. Ya kwanza itakuwa uji. Ya pili itabaki kitambaa, kwa sababu vitambaa vingi vya namna hiyo vina nyuzi za plastiki, hata kama pakiti inadai kwamba vinaweza kuflashiwa. Karatasi ya daftari na ya gazeti nayo ni ngumu kuvunjika, na hizo ndizo zinazotumika shuleni na katika nyumba ambazo fedha ya karatasi ya chooni haipo. Taulo ya kike na pampasi zimetengenezwa makusudi kwa kazi iliyo kinyume kabisa na ile ya bomba: zinafyonza maji, zinavimba, na zinayashikilia ndani ya ngozi ya plastiki. Taulo moja inaweza kuupita mkunjo wa sinki ikiwa bado nyembamba, ikavimba ndani ya bomba ambako hakuna mkono unaofika. Rasta na nywele zinazotoka kwenye kitana hujisokota na kushikana na kila kinachopita. Pamba hufanya vivyo hivyo, na kondomu hukaa ndani ya karo miaka na miaka.

Halafu kuna jikoni, ambako hatukuzoea kukutazama tunapozungumzia choo, ingawa katika nyumba nyingi mabomba ya pande zote mbili hukutana kwenye chemba moja. Sisi ni watu wa samaki. Mafuta yaliyokaangia sato au sangara humwagwa yakiwa ya moto na mepesi, kisha hupoa njiani, huganda, na kushika magamba, mchanga wa kusugulia masufuria na makombo ya ugali. Ganda hilo hujengeka ndani ya bomba kidogo kidogo mpaka siku moja inchi 4 zinabaki 2. Yakifika kwenye karo, mafuta yale yale huelea, na yakizidi huvuka kwenda shimo la pili na kuziba vitundu vya udongo ambavyo maji yalipaswa kupenyea. Hapo hata gari la kunyonya maji taka likija, shimo litajaa tena baada ya siku chache, kwa kuwa udongo wenyewe umekataa kunywa.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo vitabu vya mabomba vya nchi zenye maji mengi havilisemi. Tangi la choo cha kuflashi hushusha lita 6 hadi 9 kwa mkupuo mmoja, na mkupuo huo ndio unaosukuma uchafu mpaka kwenye karo. Siku maji yanapokatika, au bili inapoogopwa, tunamimina kopo moja au mawili kwa mkono. Maji hayo yanatosha kuusafisha uso wa sinki, lakini hayatoshi kuusafirisha uchafu mita 10 au 15. Kitu ambacho pengine kingefika salama kwa mkupuo wa lita 9 kinalala njiani kwa kopo la lita 1, na kinachofuata kinalala juu yake. Kwa hiyo hata karatasi laini, ambayo kwingine haina madhara, inafaa kwetu itumike kwa kiasi, na kwa nyumba inayomwagia maji kwa kopo ni heri nayo iingie kwenye kopo la taka. Wanaojisafisha kwa maji wana ahueni kubwa hapa, na si vibaya wengine tukaiga.

Atasema mtu kwamba bomba likiziba hiyo ni shida ya mwenye nyumba na fundi wake, haistahili mhadhara mbele ya umma. Jibu langu liko kwenye ramani. Musoma imejengwa kwenye rasi inayozungukwa na ziwa. Sehemu zake nyingi ni miamba ya matale, ambako kuchimba shimo refu ni kazi ya nyundo na patasi, kwa hiyo mashimo huwa mafupi na hujaa upesi. Bunda ina maeneo ya udongo wa mbuga, udongo mweusi unaofinyangika, ambao wakati wa mvua hushiba maji haraka na huyapenyeza polepole mno. Katika hali hizo mbili karo lililobanwa na taka halina pa kupumulia. Linafurika, na masika huchukua kilichofurika hadi mtaroni, na mtaro huelekea ziwani. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu. Yakifika majini huanguliwa, vimelea huingia ndani ya konokono wadogo wa kandokando ya ziwa, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mvuvi, ya mama anayefua na ya mtoto anayeoga. Ugonjwa huo uko ziwani mwetu muda wote, hausubiri mlipuko. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya nchi, na Mara ilikuwa mmojawapo. Na wakazi wa huku hawajasahau Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakafa, na kamati iliyoundwa na serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kuwa chanzo. Wengi walilipinga jibu lile. Lakini ikiwa tulikuwa tayari kubishana kwa nguvu juu ya kinyesi cha ng'ombe ndani ya maji, hatuna sababu ya kuona haya kuzungumzia cha kwetu.

Kuna pingamizi la msomi aliyesafiri. Ulaya, atasema, kila kitu kinaflashiwa na mambo yanakwenda. Hayaendi. Septemba 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, wafanyakazi walikuta bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa vya kufutia, pamba na taulo, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Iliwachukua wiki kadhaa kulibomoa, na kipande chake kikawekwa kwenye jumba la makumbusho la jiji hilo mwaka 2018. London ina mfumo wa maji taka ulioanza kujengwa baada ya uvundo wa mto Thames mwaka 1858 kulitikisa Bunge, una mahandaki ambayo mtu anaweza kutembea ndani, na una kampuni zenye mitambo. Kama mfumo ule ulizibwa na vitambaa na mafuta, bomba la inchi 4 la Nyakato au Bweri mjini Musoma litazibwa mapema zaidi. Tofauti kati yetu ni kwamba pale bonge lilikaa chini ya barabara, na hapa linakaa ndani ya uwanja wako.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linatoka vijijini. Kaya nyingi za Butiama na za Bunda vijijini zinatumia choo cha shimo. Hazina mkunjo wala bomba, kwa hiyo mazungumzo haya yanazihusu vipi? Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, iliwahimiza wachimbe vyoo. Kampeni ya Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni ikawahimiza wavijenge viwe bora. Katika mafunzo hayo shimo lilionekana kama mahali ambapo kitu kikiingia kimekwisha. Lilipojaa, familia ilichimba jingine upande wa pili wa boma. Lakini viwanja vinapungua, na Butiama yenyewe, makao makuu ya wilaya na mahali pa chuo kikuu, inageuka mji. Shimo sasa lazima linyonywe litumike tena. Kwa makadirio yanayotumika sana, mtu mmoja huongeza lita 40 hivi za tope kwa mwaka, kwa hiyo familia ya watu 6 huongeza lita 240. Chukua sasa mtoto mmoja anayevaa pampasi 4 kwa siku, ambazo ni 1,460 kwa mwaka. Hata tukisema kila moja ikishavimba inachukua nusu lita tu, hizo ni lita 730, mara tatu ya tope la familia nzima, na hakuna kijidudu kitakachozila. Gunzi na majani ya kujifutia huoza, ingawa polepole. Pampasi inabaki pale.

Tena gari la kunyonya maji taka linanyonya majimaji. Likikutana na vitambaa, taulo na chupa, mpira wake huziba, na dereva huondoka akiacha nusu ya shimo. Anayeitwa baada yake ni mtu anayeingia mwenyewe. Dar es Salaam watu hao wanaitwa vyura, na wanachokutana nacho kule chini, nyembe na vipande vya chupa vikiwemo, ni kile ambacho sisi tulikitupa tukidhani hakitaonekana tena na mtu yeyote. Hewa ya ndani ya shimo huweza kuua. Gesi yenye harufu ya mayai viza ikizidi huufisha uwezo wa pua kuisikia, na mtu huanguka bila kupata onyo. Mwingine humfuata kumwokoa, naye akaanguka. Kila kitu kigumu tunachokizuia kisiingie shimoni kinapunguza siku ambazo binadamu atalazimika kushuka humo.

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, la staha. Hedhi kwetu ni jambo la siri. Katika nyumba ya vyumba vingi ambapo wapangaji wanatumia choo kimoja, msichana hawezi kutoka ameshika taulo iliyotumika, akapita mbele ya shemeji na wapangaji wenzake kuelekea jalalani. Kuflashi kunampa usiri ambao uwanja haumpi. Ukimbandikia ukutani tangazo la ukali, na ndani ya choo hukuweka kopo, umemwamuru afanye jambo lisilowezekana. Gesti za barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari zenye vyumba vya selfu zina matangazo hayo kwa wingi, lakini mgeni akigeuka kutafuta pa kutupia anakuta kandambili na ndoo ya maji tu. Atafanya nini? Kopo lenye kifuniko, mfuko ndani yake, na karatasi chakavu za kufungia pembeni, vinaihifadhi staha yake bila kuliumiza bomba. Gharama yake ni ndogo kuliko kumwita fundi bomba mara moja. Shuleni jambo hili lina uzito wa kipekee, maana msichana asiye na pa kuweka taulo yake anaweza kuchagua kubaki nyumbani siku hizo. Taulo za kitambaa zinazofuliwa ni njia njema pia, lakini zinadai maji, sabuni na mahali pa faragha pa kuanikia. Tusizisifie bila kuuliza kama hivyo vipo.

Mtu makini ataniuliza: kopo likijaa je? Gari la taka halipiti kila mtaa, na kopo lisilomwagwa litazaa nzi na harufu. Ni kweli, na hapa ndipo wajibu unapovuka kizingiti cha nyumba. Palipo na gari, taka za chooni zifungwe na zichanganywe na nyingine. Pasipo na gari, ziende kwenye shimo la taka la familia lililochimbwa mbali na kisima na kufukiwa. Shule na vituo vya afya vinahitaji tanuri la kuchomea. Moshi wa plastiki si kitu chema, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kuchoma au kufukia kunamaliza tatizo. Lakini taulo iliyo shimoni nchi kavu haiwezi kulifurisha karo la mtu wala kupeleka kinyesi ziwani. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na ndani ya miezi michache masoko yalikuwa yamebadilika. Tuliweza kwa sababu vikapu na mifuko mbadala ilikuwepo sokoni siku ile ile ya katazo. Chooni tumeweka katazo bila mbadala.

Wapo wanaotegemea dawa. Tindikali na unga wa kuzibulia huweza kuyeyusha mafuta na nywele kidogo, lakini haviyeyushi plastiki ya taulo. Vikimiminwa kwa wingi huua vijidudu vinavyolipunguza tope la karo, na fundi atakayefungua chemba baada yako ataungua. Vidonge vilivyokwisha muda, hasa viuavijasumu, navyo visiflashiwe. Virudishwe dukani au kituo cha afya. Majivu, yanayofaa sana kwenye choo cha shimo kikavu kupunguza harufu na nzi, kwenye choo cha maji huzama na kugeuka tope la mawe.

Yaliyobaki yanawahusu wenye nyumba na halmashauri zetu. Mwenye nyumba ya kupanga au gesti aweke kopo kabla ya kuweka tangazo, na kulimwaga kuwe kazi ya mtu anayejulikana, kama ilivyo kufagia uwanja. Asijenge baraza juu ya chemba. Karo linyonywe tope linapofika theluthi ya kina, na mti mrefu wa kupimia unatosha kulijua hilo. Wengi wetu husubiri lifurike, na gari linapokuja shimo la pili limekwisha kuharibika. Halmashauri zinapokagua ramani za nyumba mpya zikague mteremko wa bomba na nafasi ya gari kufikia karo, kwa sababu nyumba zilizobanana leo Musoma hazitafikiwa na mpira wa gari lolote kesho. Na kila leseni ya gari la kunyonya maji taka iandikwe mahali ambapo dereva atamwaga mzigo wake, na mahali hapo pakaguliwe, maana gari linalonyonya Nyasho na kumwaga kwenye kijito usiku limeyafikisha ziwani yale yale tuliyojitahidi kuyazuia.